Picha zisizotoka nyumbani

"Zaenda wapi hizi?"

Mama mwenye nyumba aliniuliza hivyo huku akiitazama laptopu niliyoipakata pale barazani kwake, mtaa wa Mkomani, hapa Lamu. Mlango wake nilikuwa nimeshaupiga picha 34. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyekwisha kuona wageni wengi wakija na kamera, wakausifu mlango, wakapiga, wakashuka gatini kupanda boti ya Mokowe, na habari zao zikaishia hapo.

Nikamwambia haziendi popote. Akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu asiyetaka kukuita mwongo. Na alikuwa na haki, maana alichokiona mbele yake ni kivinjari, dirisha lile lile ambalo mjukuu wake hutazamia video. Kila mtu ajua kwamba kinachofunguka humo kiko mtandaoni. Basi nikachomoa modemu, nikampa aishike. Nikafungua picha ya pili, nikafungua ya tatu, nikachora kisanduku kuzunguka komeo, nikaandika "komeo", nikahifadhi. Modemu bado imo mkononi mwake.

"Kumbe," akasema, akasogea karibu. "Hebu nionyeshe kule juu, palipoliwa na mchwa."

Tangu siku ile sifungui laptopu katika nyumba ya mtu kabla ya kuchomoa modemu mbele yake. Nasimulia hapa yaliyonipata katika kazi hii ya kupitia picha na kuziandikia maelezo, kwa sababu najua wako wengi wenye diski zilizojaa picha za mambo yao, za harusi, za mashamba, za hati za wazee, na wanaogopa pa kuanzia kama nilivyoogopa mimi.

Kisa chenyewe kilianzia kwa ami yangu. Yeye ni fundi wa kuchonga milango, na mbambakofi ndiyo mbao aliyokulia nayo. Miaka 2 iliyopita aliletewa kizingiti cha juu kilichooza, akaambiwa achonge kingine mfano wake, na nusu ya nakshi ilikuwa imeshaliwa. Akaniuliza kama nina picha ya mlango ule kabla haujaharibika. Nikamwambia ninayo, tena kwa uhakika, maana napiga picha milango ya mji huu tangu nilipopata kamera. Nikaitafuta siku 3. Sikuipata. Ilikuwa humo ndani ya diski, kati ya picha zaidi ya 3,000 zenye majina kama DSC_0417 na DSC_0418, na mimi mwenyewe niliyezipiga sikuweza kuifikia. Mwenye nyumba akapigilia ubao mtupu juu ya mlango wake akisubiri.

Jambo hilo liliniuma sana. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na watu wanapouzungumzia huzungumzia nyumba za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, na ngome iliyomalizika kujengwa 1821. Nyumba haibebeki. Mlango hung'olewa usiku mmoja. Walioandika sheria walilijua hilo: Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inautaja mlango kwa jina lake, kwamba mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Lakini ili sheria hiyo ikufae, sharti uweze kuonyesha kwamba mlango huu ndio ule, na kwamba ulikuwepo wakati ule. Ukiwa huna picha yenye maelezo, mlango uliokwisha kung'olewa ni mbao tu.

Kwanza nilitumia daftari: namba ya picha, mtaa, nyumba, maelezo. Daftari lilinishinda kwa jambo moja. Haliwezi kusema "pale". Niliandika "ua la tatu kutoka kushoto, kwenye mwimo", yaani ule mti wa ubavuni wa fremu, na baada ya mwezi sikujua nilianza kuhesabu wapi. Kisha nikawa namtumia ami picha kwa simu, naye ananijibu kwa sauti. Zile sauti ni hazina na nimezitunza zote, ila picha zikipita kwenye ujumbe wa simu hubanwa, hupewa jina jipya, na huvuliwa tarehe na saa iliyoandikwa ndani yake na kamera. Nikaishia kuwa na sauti ya ami ikisema "huyu si wa hapa, huyu ni wa Siyu", na picha yenye ukungu ambayo sijui imetoka nyumba gani.

Aliyenitoa hapo ni binti wa kaka yangu, anayesomea kompyuta. Alikuja likizo na faili moja kwenye flashi. Nikadhani ni programu ya kusakinisha, nikamwambia laptopu yangu haina nafasi. "Shangazi, hii haisakinishwi," akasema. Ni ukurasa mmoja wa HTML, chini ya kilobaiti 400, mdogo kuliko picha yangu yoyote. Unaitwa VIA, umetengenezwa na kikundi cha Visual Geometry Group cha Chuo Kikuu cha Oxford, na unatolewa bure pamoja na msimbo wake. Unaubofya mara mbili, unafunguka ndani ya kivinjari, unachagua picha zilizomo kwenye diski yako, unaanza kuchora: kisanduku, duara, au umbo la pembe nyingi linalofuata ukingo wa kitu. Kila umbo unaliandikia maneno yake.

Nilichukua muda kuelewa kwa nini hauhitaji intaneti, na kuelewa huko ndiko kulikonipa moyo wa kuwakabili watu. Kivinjari hapa kinafanya kazi ya meza tu. Kinaisoma picha kutoka kwenye diski, kinaiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta hiyo hiyo, kinaionyesha. Upande wa pili hakuna seva, yaani kompyuta ya mbali, inayopokea. Tena kivinjari chenyewe ni kichoyo: hakiuambii ukurasa hata folda yako iko wapi, kinaukabidhi zile faili ulizozichagua kwa mkono wako, basi. Ndiyo maana ukifunga leo na kufungua kesho, unatakiwa uzichague picha upya. Wengi huudhika hapo. Mimi nimefika mahali pa kulipenda hilo, kwa sababu ndilo linaloniruhusu kumtazama mwenye nyumba machoni.

Na maelezo hayaandikwi juu ya picha. Hukaa kando, katika faili ya maandishi. Kisanduku cha komeo, ukikitazama ndani ya faili hiyo, ni namba 4: umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana, na kimo, zote kwa pikseli. Komeo la yule mama ni 1412, 868, 396, 140. Ukizifuta namba hizo picha haina jeraha lolote. Nilipomweleza ami, alielewa upesi kuliko mimi. Akasema ni kama ile karatasi ya nakshi anayoitandaza juu ya mbao kabla ya kugusa patasi: karatasi yaweza kuchorwa na kufutwa mara 100, na mbao bado ni mbao.

Sasa nije kwenye siku mbaya.

Binti alikuwa ameniambia, nami sikutia maanani, kwamba VIA huitambua kila picha kwa vitu viwili vilivyounganishwa: jina la faili na ukubwa wake kwa baiti. Nikasema sawa, nikaendelea na kazi. Wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani laptopu yangu iliharibika chaji, tukaazima nyingine ya zamani. Milango ni mirefu, kwa hiyo mimi huishika kamera wima. Kamera ikishikwa wima haiigeuzi picha. Huandika tu ndani ya faili alama inayomwambia atakayeifungua kwamba "nigeuze". Vivinjari vya sasa huifuata alama hiyo; Chrome ilianza kuifuata kwa kawaida mwaka 2020. Ile laptopu ya kuazima ilikuwa na kivinjari cha kabla ya hapo. Milango yote ikalala ubavu, na visanduku nilivyokuwa nimevichora vikaelea mahali pasipo kitu, juu ya ukuta, juu ya anga.

Mimi nilikuwa sokoni. Binti akaona atanisaidia. Akaifungua folda katika programu ya kutazamia picha, akazichagua zote, akazigeuza, akahifadhi. Picha 212. Niliporudi akanionyesha kwa furaha: milango imesimama wima, mizuri. Nikafungua mradi wangu ndani ya VIA. Hakuna kisanduku hata kimoja. Picha zilikuwa safi kama siku nilipozipiga. Kila faili ilikuwa imebadilika ukubwa, pengine kwa baiti chache tu, na kwa VIA hizo zilikuwa picha 212 ngeni asizozijua. Kazi ya wiki 5.

Binti akaanza kulia. Nikamwambia asilie, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeambiwa nikapuuza na mimi ndiye niliyeziacha picha asili mahali pa kuguswa. Na hilo nalisema hadi leo. Tukakaa kimya mpaka magharibi, kisha yeye mwenyewe akasema neno lililotuokoa: "Shangazi, maelezo hayajafutika. Yanazingoja zile faili za zamani."

Kweli, faili ya maelezo ilikuwa nzima. Visanduku vyote vilikuwamo, kila kimoja kikiwa na jina la picha na ukubwa wake wa awali. Picha asili zilikuwa kwenye diski ya pili, kwa dada yangu, mtaa wa Langoni, nilikokuwa nimezinakili mwezi uliotangulia. Tukaenda usiku ule ule kuichukua. Tukazirudisha, na visanduku vikaota kimoja kimoja, kila kimoja kwenye picha yake. Nilihisi kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Picha 9 tu hazikuwamo katika diski ile, zile za siku za mwisho. Kwa hizo binti aliifungua faili ya maelezo kwa kihariri cha kawaida cha maandishi, akaitafuta kila picha, akaibadilisha namba ya ukubwa wa zamani kwa ile mpya, kwenye utambulisho na kwenye mstari wa ukubwa. Vikaonekana. Ilimchukua muda wa kuchemsha chungu cha maharagwe.

Kuanzia hapo folda ya picha asili imefungwa: inasomeka, haiandikiki. Hakuna kugeuza, kukata, kung'arisha wala kubadilisha jina. Mtu akitaka kung'arisha, anakili kwanza, na nakala ikae kwenye folda nyingine. Kila Alhamisi jioni napeleka diski Langoni kwa dada yangu, hata mvua ikinyesha, nikiwa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua na hii hewa ya chumvi. Na faili ya maelezo naihifadhi kwa tarehe kwenye jina lake. Hili la mwisho ni dogo lakini limenisumbua kuliko yote: kivinjari kikihifadhi, hakiandiki juu ya faili ile ile, hushusha nakala mpya kila mara, na baada ya siku moja unajikuta na nakala 8 zenye majina yanayofanana, (3), (4), (5), usijue ipi ndiyo ya mwisho. Chrome tangu toleo la 86, Oktoba 2020, inaweza kuuruhusu ukurasa uandike moja kwa moja kwenye folda uliyoiridhia, na binti ameanza kujitengenezea ukurasa wake mdogo kwa njia hiyo. Kwenye Firefox haufanyi kazi. Mimi bado nahifadhi kwa mkono. Stima ikipotea na betri imechoka, kisichohifadhiwa kimekwenda, kwa hiyo nimejizoesha: nikimaliza picha moja, nahifadhi, ndipo naigusa nyingine.

Kuhusu uzito nitasema kwa ufupi. Picha yangu moja kwenye diski ni megabaiti 8 hivi, lakini ina megapikseli 24, na ikifunguliwa kila pikseli inataka baiti 4, yaani megabaiti 96 kwa picha moja tu. Laptopu yangu ina gigabaiti 4. Kumwaga picha 600 kwa pamoja ni kuitafutia kifo. Sasa kila nyumba ina folda yake na mradi wake, picha zisizidi 50, na inatosha.

Kilichonifunza zaidi ya hayo yote ni maneno. Mwanzoni niliacha nafasi wazi, kila kisanduku niandike nipendavyo. Baada ya mwezi nikatafuta "mwimo" nikapata chache mno. Nyingine nilikuwa nimeziandika "miimo", nyingine "fremu", nyingine "mbao ya ubavuni". Nikatengeneza orodha ya kuchagua: mfaa (ule mti wa katikati ya mlango), mwimo, kizingiti cha juu, kizingiti cha chini, ubao, komeo, pete, msumari, na mwisho "nyingine". Utafutaji ukawa rahisi. Nikafurahi, nikamketisha ami mbele ya skrini.

Ami akaelekeza kidole kwenye utepe mwembamba wa nakshi unaopita kati ya mwimo na ukuta, akanitajia jina lake. Halimo kwenye orodha. Nikabofya "nyingine". Akaelekeza pengine, akataja. "Nyingine." Mara ya tano akanyamaza. Kisha akasema, polepole, "Mwanangu, mbona waniuliza na jawabu umeshalichagua?"

Niliifunga laptopu kwa siku ile. Usiku nikahesabu: katika milango aliyoipitia yeye, "nyingine" ndiyo iliyokuwa imejaa kuliko neno lolote. Yaani yale anayoyajua yeye peke yake, yale ambayo mimi siyajui na pengine kesho hayatakuwa na wa kuyasema, ndiyo niliyokuwa nikiyatupa kwenye kapu moja lisilo na jina. Asubuhi nikaongeza sehemu mbili katika kila kisanduku: "aliyesema", na "kwa maneno yake". Orodha ipo bado, inanisaidia kutafuta. Lakini ile ya pili ndiyo yenye roho. Humo naandika kama alivyotamka, kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu, bila kunyoosha.

Nikupe mfano mmoja. Kulikuwa na kizingiti kilicholetwa karakana kikiwa kimevunjika pembeni. Kilikuwa kimechongwa juu yake mwaka wa Hijria, na ufa ulikuwa umepita katikati ya tarehe: ١٢٩ imebaki kwenye kipande kikubwa, na tarakimu ya mwisho imekwenda na kipande kidogo, upana wa vidole vinne. Niliviweka vyote viwili sakafuni, nikavipiga picha. Kwenye picha kipande kidogo kilisomeka ٨. Nikachora kisanduku, nikaandika 1298, yaani kiasi cha 1881 Miladia. Nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Wiki chache baadaye ami akaiona picha ile. Akaniambia niikuze. Nikaikuza. "Zaidi." Nikaikuza mpaka kile kipande kikajaa skrini, mistari ya mbao ikaonekana, na tabaka za rangi ya mafuta zilizopakwa na watu wa zama mbalimbali, buluu juu ya kijani. Ami akainamisha uso, akaweka kidole karibu na ukingo, pasipogusa kioo.

"Rangi hupanda?" akaniuliza.

Nikatazama. Kulikuwa na chirizi la rangi, tone lililotiririka na kukauka, na katika picha yangu lilikuwa limetiririka kwenda juu.

"Kitwa tini," akasema. "Umekiweka kitwa tini."

Kipande nilikilaza juu chini pale sakafuni. Ukikigeuza, ٨ ni ٧. Mwaka ni 1297, ambao karibu wote umo ndani ya 1880. Ni tofauti ya mwaka mmoja, na mtu aweza kusema si kitu. Kwa wenye nyumba ni kitu: kwao husemwa kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya harusi ya bibi yao mkuu, na mwaka wa harusi hiyo waujua. Nilipowapelekea 1298 walikuwa wamekubali kwa unyonge, wakadhani wazee wao walikosea. Nikarudi kwao na ile picha, nikawaonyesha chirizi la rangi.

Picha sikuigeuza. Kisanduku kipo kama kilivyo, na ndani yake zimo kauli mbili: ya kwanza yangu, 1298, na chini yake ya ami, 1297, na kwa maneno yake: rangi haipandi. Sikuifuta yangu. Nataka atakayekuja baada yetu aone kwamba hapa paliwahi kukosewa, na paliwahi kusahihishwa kwa njia gani.

Nimrudie yule mama wa Mkomani. Baada ya kunirudishia modemu alitaka kuona picha zote 34, moja moja, naye alizitazama kwa makini kuliko nilivyozitazama mimi. Tulipofika ya 19 akaninyamazisha kwa mkono. Katika picha hiyo mlango uko wazi, na nyuma yake yaonekana daka na tekani, yaani kumbi za kuingilia, na mwanga wa kiwanda, yaani uwanja wa ndani ya nyumba. Mle kwenye mwanga, mdogo kama ukucha, alikuwa akipita msichana kichwa wazi.

"Huyo mwanangu," akasema.

Nilikuwa nimechora visanduku 3 juu ya picha ile. Niliikuza, niliipima, niliiandikia. Sikumwona. Jicho langu lilikuwa limefunzwa kuona miimo na vizingiti, likapita juu ya mtu kana kwamba hayupo. Niliona haya mno. Nikamwomba radhi, nikamuuliza atakavyo. Akasema ifutwe. Ile kanuni yangu ya kutogusa picha asili nikaivunja palepale: nikaifuta kwenye laptopu yeye akitazama, na jioni nikaenda naye Langoni, nikaifuta kwenye diski ya dada yangu. Kisha akaufunga mlango, nikapiga nyingine.

Nimelifikiria sana jambo hili. Niliweza kumwahidi kwamba imefutika kwa sababu nilijua nakala ziko ngapi na ziko wapi: mbili, na zote twaweza kuziendea kwa miguu. Kama ningekuwa nimezipandisha kwenye huduma fulani ya mbali, ningemwahidi nini? Sisemi kila kitu kifungiwe. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na leo msomaji aliye mbali aweza kuzisoma. Hilo ni jema, na linafaa kwa vitabu vya elimu. Mlango unaofungukia kiwanda cha watu ni jambo jingine, na anayeamua ni mwenye kiwanda. Sasa kila picha yangu ina sehemu ya tatu, "ruhusa", na ndiyo naijaza kwanza kabla sijachora chochote: ya nyumbani tu, ya mafundi, ya makumbusho, au ya kila mtu. Wengi huanza na ya nyumbani tu. Wakishaketi na laptopu mara mbili tatu, wengine huniambia wenyewe niibadilishe.

Ile picha ya kwanza, ya kizingiti alichokitaka ami, niliipata mwezi wa saba. Sikuwa nikiitafuta. Nilikuwa napitia folda ya mtaa mwingine kabisa, na nikafungua picha niliyoipiga kwa ajili ya punda aliyebeba mifuko ya mchanga. Nyuma ya punda, upande wa kulia, mlango. Nikaikuza. Nakshi yote ilikuwa pale, nzima, jua la asubuhi limeipiga ubavuni hadi kila shimo la patasi lina kivuli chake. Nikachora kisanduku, mkono ukitetemeka, nikakimbia karakana bila hata kuvaa viatu vizuri.

Ami hakusema kitu. Alikung'uta vumbi la msumeno kwenye benchi, akaiweka laptopu juu yake, nikafunika vibonye kwa kitambaa. Akaniambia niikuze mpaka ua moja lijae skrini. Akalitazama. Kisha akavuta mbao ya mbambakofi iliyokuwa imesimama ukutani miezi yote hiyo, akailaza, akachukua penseli kutoka nyuma ya sikio.